Mteja wa Kwanza wa Dindo

Feliza Macaraeg alifika Gilmore, mtaa wa maduka ya kompyuta, Jumamosi asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, akasimama mbele ya duka la Dindo na mkoba kifuani, foleni ya mtu mmoja. Alitaka kuwa mteja wa kwanza. Mfanyabiashara wa Manila hamwachi mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu. Akimwacha, atashinda akipiga miayo bila wateja hadi jioni. Buena mano, ndivyo wanavyoiita, na Feliza, aliyeuza samaki sokoni miaka ishirini na sita, alijua jinsi ya kuitumia. Mkobani alikuwa na peso mia saba na nauli ya kurudi.

Alikuwa anatafuta hedifoni ya gemu. Ya mumewe ilikuwa nzuri sana, lakini alikuwa ameizika. Watu walipokuwa wakiweka vitu ndani ya jeneza la Anselmo, huyu miwani, yule karata, Feliza alimvisha hedifoni yake shingoni, vile alivyozoea kukaa nayo. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Hakuna aliyefikiri kwamba siku arobaini baadaye mjane angeihitaji.

Kila Jumamosi saa sita mchana Anselmo alikuwa akicheza gemu ya simu na binti yao Rowena, muuguzi kule Riyadh, ambaye saa hiyo ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. Timu ya watu watano. Alipofariki, Feliza akaichukua simu yake na nafasi yake. Kucheza alijifunza upesi. Vidole vilivyoparua samaki maisha yote havishindwi na kioo cha simu. Tatizo lilikuwa kusikika. Akiongea kwa vile visikizio vyake vya bei ya karanga, wenzake walisikia majogoo wa jirani, karaoke ya jirani wa pili, na pikipiki zote za mtaa.

Jumamosi iliyopita nahodha wao, mpishi mmoja wa huko huko Riyadh aitwaye Tirso, alisema wazi. "Rowena, dada yangu, mama yako namheshimu, lakini mimi nasikia kuku tu. Wiki ijayo ikiwa hivi hivi, tutafute mtu mwingine."

Rowena hakubisha. "Mama," alisema taratibu, "kama inakuchosha, pumzika tu."

Haikuwa ikimchosha. Ile saa moja ndiyo aliyoisubiri wiki nzima.

Dindo alipandisha mlango wa chuma na kumkuta amesimama pua na mlango.

"Mama, umelala hapa?"

"Nimekuja kukufungulia siku. Nataka hedifoni ya gemu, yenye maiki."

Dindo, mtu wa miaka arobaini na kitambi cha furaha, aliteremsha boksi linalong'aa. "Hii ndiyo wanayoigombania vijana. Ona taa, Mama. Rangi saba, zinabadilika zenyewe."

"Zinawaka wapi?"

"Hapa, juu ya masikio."

"Sasa mimi nitazionaje?"

Dindo alikuna kichwa. "Baba yetu nyumbani anatumia aina gani? Nikutafutie kama hiyo."

"Jina silijui. Anayo yeye."

"Basi mpigie simu tumwulize."

"Yuko makaburini, mwanangu. Kaivaa."

Dindo akashusha hedifoni nyingine nne bila kuombwa.

Ya kwanza ilikuwa na mikia miwili ya kuchomeka, ya kompyuta, na simu ya Anselmo ina tundu moja. Ya pili ilifunikwa kitu kama ngozi. Dakika tatu tu masikio yakaanza kutoa jasho. "Hii itanipika," alisema Feliza, akaivua. Ya tatu Dindo aliisifia mpaka akasimama kwa vidole vya miguu. "Utamsikia adui akija kutoka pande zote!"

"Kusikia nasikia. Nataka nisikike."

Ikabaki ya kijivu, ya kitambaa, nyepesi, bila taa hata moja, maiki yake ikikunjwa kama mrija wa soda. Feliza aliichukua pamoja na ile ya rangi saba na kuelekea mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi? Nje kuna makelele!"

"Ndiyo maana."

Alisimama ukingoni mwa barabara, akachomeka ile ya taa, akajirekodi: "Rowena, rudi nyuma, wako vichakani." Pikipiki zilinguruma. Muuza taho, ile soya laini yenye sukari, alipita na ndoo zake mbili akilinadi jina la bidhaa yake kwa pumzi ndefu. Feliza akabadilisha hedifoni, akasema maneno yale yale. Walisikiliza wote wawili, vichwa vimegusana. Katika ile ya taa, muuza taho alisikika kama amepanda mapajani, na Feliza kama ametumbukia pipani. Katika ile ya kijivu, Feliza alikuwa karibu na mtaa ulikuwa mbali.

"Hii bei gani?"

"Mia tisa, Mama."

"Mia tano."

"Mama! Waya peke yake mia tano!"

Walikuwa wamefika mia saba na hamsini, na Dindo ameshaanza kushika kiuno, alipoingia dada mmoja wa ofisini, kitambulisho shingoni, noti mkononi. "Kaka, nipe waya wa chaji, ule wa hamsini. Nina haraka."

Feliza aliona nguvu zake zote zinaondoka. Noti ile ikigusa mkono wa Dindo kwanza, mteja wa kwanza wa siku ni huyo dada, na yeye ni mama mmoja tu mwenye pesa pungufu. Akanyoosha mkono kama enzi za meza yake ya samaki.

"Dada, foleni inaanzia kwangu."

"Mama, mimi nalipa tu niondoke."

"Hata mimi nalipa. Dindo, siku yako uifungue na hamsini, au na mia saba?" Aliziweka noti mezani.

Dindo alitazama hamsini. Akatazama mia saba. "Mama, zamani ulikuwa unauza nini?"

"Samaki."

"Nilijua tu." Alizichukua zile noti, akazipitisha juu ya maboksi, juu ya nyaya, juu ya kibodi, hata juu ya feni, ili bahati isisahau kitu. "Lakini boksi lake sina. Hiyo ni ya maonyesho."

"Boksi silivai."

Saa sita kasoro dakika mbili Feliza alikuwa sebuleni, maiki imekunjwa mpaka karibu na mdomo. Nje jogoo aliwika, na jirani alikuwa anaimba mapenzi yaliyomshinda.

"Mnanisikia?"

Aligonga maiki kwa ukucha.

"Mama?" Ilikuwa sauti ya Rowena. "Mbona kumetulia hivyo? Umehama?"

"Niko hapa hapa sebuleni."

"Nakusikia mpaka pumzi."

Wakacheza. Baada ya dakika kumi hivi, Tirso alikohoa. "Samahani. Mama Feliza anaongea na nani?"

Feliza alijisikiliza. Kumbe alikuwa akisema: Anselmo, usiende huko; umeona, si nilikwambia? Wiki zote zile karaoke ilikuwa imemfunika. Akapeleka mkono kwenye maiki aiondoe.

"Usiitoe, Mama," alisema Rowena, sauti imebadilika kidogo. "Baba anasemaje?"

"Hasemi kitu." Akairudisha maiki mdomoni. "Ila angekuwepo angesema Tirso anakimbilia mnara wa adui mapema mno."

Mtu mmoja alicheka. Kule Riyadh Tirso alishusha pumzi, nayo ikasikika. "Kweli. Alikuwa ananisema hivyo kila wiki." Akamrudisha mchezaji wake nyuma, akamsimamisha kando ya wa Feliza. "Haya, Mama. Tuambie lini twende."

Feliza alivitazama vichaka kwenye kioo.

"Bado," alisema kwa sauti yake ya kawaida, na wote wanne wakasubiri.