Mvua Ikizidi, Msifungue Maji

Mdogo wangu Ezio anasema jiji limetudanganya. Anasema dukani kwake anakouza vigae, anasema hata mlangoni mwa kanisa. Valvu ya maji taka ni ya ovyo, fundi ni tapeli, na dada yake ndiye aliyewaleta wote wawili. Mimi namwacha aseme.

Baba aliinunua nyumba ile ya Toronto kwa kumwaga zege miaka thelathini, na kabla hajafa akaiandikisha kwa jina la Ezio, kwa kuwa Ezio ndiye mwanamume. Mimi Graziella, niliyebaki nyumbani nikimlisha na kumwosha miguu, niliachiwa mama. Sisemi mama ni mzigo. Nasema tu kwamba karatasi zilikwenda upande mmoja na kazi upande mwingine.

Kama Waitalia wenzetu wengi, tuliishi chini ya ardhi, kwenye orofa iliyochimbwa chini ya nyumba. Juu kulikuwa na jiko la marumaru ambalo halijawahi kukaangiwa kitunguu. Lilikuwa la wageni, na wageni wenyewe walikuwa wakiteremka chini. Huko chini ndiko kulikokuwa na jiko la mama, meza ndefu, chupa za nyanya tulizochemsha kila Agosti, na sanduku la mashuka aliyotarizi akiwa msichana kule Calabria, Italia. Alivuka nalo bahari kwa meli, na tangu utotoni nilijua kwamba siku moja litakuwa langu.

Katika miaka minne maji taka ya barabarani yalirudi nyuma mara tatu, yakapanda kwenye tundu la sakafu. Mara ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama kasimama ndani yake, yamemfika magotini, anaokoa chupa moja moja.

"Mama, toka humo."

"Nyanya, mwanangu. Nyanya za mwaka mzima."

Na umri wake ule wa miaka themanini na minne. Nililia kwa hasira, kwa sababu dawa ilikuwepo. Jiji lina mpango wake: unafunga valvu ya kuzuia maji yasirudi, unatenganisha mabomba ya mvua ya paa na bomba la maji taka, kisha unarudishiwa sehemu kubwa ya gharama. Lakini fomu husainiwa na mwenye nyumba, na fomu yetu ilikuwa imekaa miaka miwili kwenye gari la Ezio, chini ya vikombe vya kahawa.

Kesho yake nikamfuata dukani na fomu mpya.

"Si leo, dada. Nina wateja."

"Vizuri, nao wasikie. Mama yako jana alikuwa amesimama kwenye kinyesi cha mtaa mzima. Saini."

"Unaniaibisha."

"Bado sijaanza."

Akasaini, juu ya rundo la vigae, bila kukaa. Nilitoka pale najiona mshindi.

Fundi alikuwa Mreno mmoja mnene, jina lake Baltazar. Alivunja sakafu karibu na jiko la mama, akafunga valvu, akaniita niione kabla hajafunika.

"Sikiliza, bibie. Huu ni mlango tu. Bomba la barabarani likijaa, unajifunga. Uchafu wa mtaa hauingii. Lakini na wenu hautoki. Kwa hiyo mvua ikizidi hakuna kuoga, hakuna kufua, chooni msivute maji. Mkifungua maji juu, yataibukia hapa chini. Kuna watu wanajizamisha wenyewe, halafu wananitukana mimi."

Akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: MVUA IKIZIDI, MSIFUNGUE MAJI. Nikaibandika kwenye mlango wa ngazi. Mkaguzi akaja, akaridhika. Hundi ya jiji ikaja kwa jina la Ezio, ingawa fundi alilipwa kwa akiba yangu. Ezio alisema atanipa. Sikuuliza mara ya pili.

Kiangazi kile ilipiga mvua ya kutisha. Mimi na mama tulikaa mezani chini saa tatu nzima bila kunawa hata mikono, tunakula jibini na mkate, tunaiangalia sakafu. Ilibaki kavu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Sikumbuki siku niliyokuwa na furaha kuliko ile.

Majira ya kuchipua yaliyofuata Ezio akaja kula Jumapili. Alisubiri mpaka kahawa.

"Fabrizio anaoa," alisema. Huyo ni mwanawe. "Mchumba wake alikuwa haitaki nyumba hii kwa ile harufu. Sasa pamekauka, wameipenda. Nyinyi wawili tutawatafutia mahali padogo, msihangaike na ngazi."

"Pamekauka kwa sababu ya nani, Ezio?"

"Dada, usianze. Nyumba ni yangu. Ulitaka nisaini kama nani?"

Nilimtazama mama anitetee. Alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari.

Tukahamia ghorofa ya kumi na moja, jiko lenye nafasi ya mtu mmoja. Siku ya kufunga mizigo nikaanza kuburuta sanduku la mashuka. Mama akanishika mkono.

"Hilo liache. Ni la bibi arusi."

"Ulisema ni langu."

"Hukuolewa, mwanangu."

Alisema kwa upole kabisa. Nikalirudisha mahali pake kando ya jiko. Kisha nikapanda ngazi, na nilipofika mlangoni nikaibandua karatasi ya Baltazar. Fabrizio alikuwa pale na kopo la rangi.

"Asante, shangazi," alisema. "Nilikuwa nitaitoa mwenyewe. Ilikuwa inasema nini?"

"Mambo ya zamani," nikamjibu.

Julai, Jumapili moja, tumetoka misa, mbingu ikafunguka. Kutoka juu kule niliona barabara inageuka mto. Mama alikuwa anamenya maharage.

"Wapigie," alisema. "Waambie wasifungue maji."

Nikachukua simu, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani. Nilihesabu mpaka mia, nikatoka.

"Hawapokei," nikamwambia.

Saa kumi Ezio akapiga. Alikuwa anahema.

"Maji yamejaa chini! Hiyo valvu yako ni takataka!"

"Kuna mtu anaoga?"

"Nini?"

"Nauliza, kuna mtu anaoga huko juu?"

"Mke wa Fabrizio anaoga, mashine inafua, sasa hilo linahusu nini? Nakwambia maji yamejaa!"

Nikasema pole. Nilipokata simu, mama alikuwa ameweka kisu chini.

"Hukupiga," alisema.

Niliiweka simu mezani.

"Sanduku langu liko kule."

Alidhani nilisahau. Sikusahau. Nililikumbuka tangu tone la kwanza, na pale kitandani, nilipokuwa nahesabu, ndilo nililokuwa naliona.

Jumatatu Fabrizio alituletea mashuka ndani ya mifuko ya takataka, mkewe hataki kuyagusa. Mama akayamwaga kwenye beseni la kuogea, akapiga magoti sakafuni. Mimi nikapiga magoti upande wa pili. Tulifua mpaka jioni, maua aliyoyatarizi yakiwa yamegeuka rangi ya matope, na kila baada ya muda aliniambia nibadilishe maji, nikabadilisha.

Yametakata kiasi. Ameyakunja, ameyaweka kitandani kwangu, akasema ni yangu sasa. Tangu siku ile hajaniita mwanangu. Ananiita Graziella.