Video ya Ushahidi

Tangu nibuni mguu wa cherehani, kile kichuma cha kubana kitambaa chini ya sindano, ila wangu unakunja pindo wenyewe, sina raha. Fundi mwenzangu akichungulia dirishani, naufunika kwa kitambaa. Mama mkwe alipoomba kuuona nilimwambia umeharibika, akaninunia wiki nzima. Kampuni yetu ina watu wawili, mimi na wifi yangu, na kitu kimoja cha kuuza, huo mguu. Ukiibwa, tunafunga duka.

Juzi wifi akanikokota kwa wakili. Ofisi ilikuwa finyu, mafaili yameziba nusu ya dirisha. Mezani palikuwa na fomu yetu ya kuomba hataza, ile haki ya kumzuia mwingine asiutengeneze.

"Dada, kuna mtu ameshauona?" wakili akauliza.

"Hata mume wangu hajauona vizuri," nikajigamba. "Na ushahidi ninao. Miezi miwili iliyopita nilijirekodi nikiufungua skrubu moja moja, nikaiweka video mtandaoni. Dunia nzima ishuhudie kwamba ni wangu."

Wakili akaweka kalamu chini. Wifi akafumba macho.

"Kwa sheria yetu," wakili akasema polepole, "kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya kuomba, si kipya tena. Hataza hupati."

Mama mkwe nimemficha, walimwengu nimewaanikia. Woga huohuo ndio ulionituma.

"Ifute hiyo video," wifi akaninong'oneza. "Nani ana habari na mambo ya pindo?"

Wakili alisikia. "Kuifuta hakusaidii kama watu wameshaiona. Na kwenye fomu unaapa hujauonyesha mguu huo popote. Mimi uongo siandiki. Hebu tuone wameitazama wangapi."

Nikakosea namba ya siri ya simu mara mbili. Watu kumi na mmoja. Nikashusha pumzi kidogo. Pengine ni ndugu tu, nikajiambia, na ndugu zangu hata kushona kifungo hawajui.

Kisha nikafika kwenye maoni. Lilikuwa moja tu, la mtu nisiyemjua, na picha yake ilikuwa ya kiwanda kikubwa chenye mashine zilizopangwa safu kwa safu.

"Hongera dada. Hiyo skrubu ya pili ni milimita ngapi?"

Chini yake nilikuwa nimemjibu siku ileile, kwa furaha ya kupongezwa: "Nne. Kaza taratibu, springi isikatike. Ukikwama uliza tu, karibu sana."