Vioo vya Pembeni

Tangu daktari amwambie kwamba moyo wake hauaminiki barabarani, Breki alikuwa mtu wa kiti. Yeye aliyeendesha malori ya masafa marefu tangu ndevu hazijaota, sasa alishinda sebuleni akihesabiwa vidonge na mkewe, kimya kama gogo.

Kilichomrudishia ulimi ni kompyuta kuukuu aliyoletewa na binti yake, ikiwa na gemu la malori ndani. Kila Jumamosi mchana yeye na Kipara, dereva mwenzake wa zamani aliyehamia nchi nyingine, waliingia kwenye gemu wakafanya msafara, huku wakipiga soga kwa simu. Siku hiyo Breki alicheka. Siku nyingine zote alisubiri Jumamosi.

Jumamosi hii gemu lilikuwa limejisasisha lenyewe, na picha ikawa inakatakata. Lori liliruka kama chura. Breki alijikuta mtaroni kabla hajaiona kona.

"Limejipandishia picha hadi juu kabisa," Kipara alisema simuni. "Ingia kwenye mipangilio upunguze. Hiyo kompyuta yako ni ajuza, halafu unataka iruke kamba?"

Breki akapunguza vivuli. Akafuta majani. Akapunguza miti, ikabaki kama vijiti vya kuchokolea meno. Akatia gia aondoke, lori likaganda palepale.

"Basi zima vioo vya pembeni. Kila kioo ni picha nyingine, mashine inaichora upya. Hivyo ndivyo vinavyokumaliza."

"Vioo sizimi."

"Bwana wee, si vya kweli!"

"Dereva asiye na vioo ni mzigo uliokalishwa kitini. Wewe nenda zako, Kipara. Niache."

Mkewe alikuwa akipiga pasi. Neno hilo "niache" alikuwa amelisikia sana siku za hospitalini, na hakutaka lirudi nyumbani kwake. Akasimamisha pasi, akaja kuinamia simu.

"Shemeji, usiende."

"Naenda wapi, shemeji? Mwambie huyo punda azime vioo. Mimi nitakaa nyuma yake, nimwangalizie."

Breki alijikuna shingo. Miaka yote ya barabarani yeye ndiye aliyekaa nyuma ya msafara, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuna nini nyuma yake akamwamini. Alikuwa akitazama mwenyewe kwenye vioo. Mkewe alibaki amesimama, mkono begani mwake.

Akazima. Vioo vikawa viraka vyeusi. Lori likaondoka, laini kama limepakwa mafuta.

"Usihame njia kwanza," Kipara alisema. "Kulia kuna basi, linakuja kama limeibwa. Subiri... limepita. Sasa kweupe, hama."

"Una hakika?"

"Nilikudanganya lini?"

"Siku ile ya mizani, uliponiambia askari wameondoka."

"Ukitoa hiyo!"

Mkewe akaangua kicheko, akarudi kwenye mashati yake. Breki akahama njia bila kuona chochote nyuma, na hakikumgusa kitu.

"Kipara."

"Nini tena?"

"Ahsante, ndugu yangu. Na wewe mama, ahsante."

"Tazama mbele wewe," Kipara akasema. "Kona hiyo."