Kibao cha Onyo Kisichojua Kupeleka Msiba

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ndani ya simu ya binti yangu, nimepanga foleni.

Nilikuwa nimetumwa. Mjukuu wangu Nyamizi kafiwa na mbwa wake aitwaye Hamnijui, juzijuzi tu. Sasa kapata gemu lenye mbwa, na hataki kulianza mpaka ajue kama mbwa wa humo atapona. "Bibi, niulizie," alinisihi, "lakini usije ukaniambia kinachotokea." Nikasema haya, kama vile nimeelewa.

Mlangoni mwa gemu kimesimama kibao cha onyo, kirefu, kina miguu miwili na koti la kuazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Humu mna damu, buibui, na mjomba."

"Mjomba ana nini?"

"Siruhusiwi. Anayeambiwa mwisho, mwisho unamchukua hapohapo."

Bwana aliye mbele yangu hana masikio. "Nani muuaji?" anauliza.

"Shemeji yako," kinajibu kibao.

Papo hapo bwana yule ana ndevu nyeupe mpaka magotini, anawashukuru wote walioshiriki, majina yao yanapanda juu kama moshi, taa zinazimwa. Hajacheza hata kidogo. Mwavuli wake umebaki chini unanung'unika, "Na mimi narudi na nani?"

Kufumba na kufumbua foleni imekuwa ya mashine ya kusaga, na kibao kinapima mahindi yangu. Sikuja na mahindi.

"Mimi nimefuata habari za mbwa," nasema.

"Aa, yule mbwa! Bibi, yule mbwa ata—"

Nakirukia, nakiziba mdomo kwa kiganja.

"We mtoto umelelewa wapi? Habari nzito unaimwaga kama maji ya kuoshea vyombo?"

"Basi ninyamaze?"

"Ukinyamaza mtoto ataingia kichwakichwa, alie peke yake. Kwetu mtu akifiwa yuko mbali, hatumwambii fulani kafa. Tunamwambia mgonjwa kazidiwa kidogo, njoo. Mpaka anafika, moyo wake umeshatangulia."

Kibao kinafikiri. Kinajikuna msumari.

"Mbwa kazidiwa kidogo?"

"Umesema mno."

"Kuna mbwa."

"Sasa umekuwa mchoyo."

Kinatokwa jasho la rangi. Mwishowe kinasema polepole, "Bibi, mtoto asije peke yake."

"Hapo umekua, mwanangu."

Nikaamka. Nyamizi kaketi ukingoni mwa kitanda changu, uji kauacha unapoa, macho mekundu, simu mkononi.

"Umeanza, mama?"

"Nimeanza. Nilifika pabaya nikataka kuacha." Akavuta kamasi. "Lakini kuna kibibi humu kimenishika mkono, hakisemi kitu, hakiniachii. Nimepita. Naendelea."

"Vizuri."

"Ila bibi, njia nzima kilikuwa kinatembea huku kinakoroma. Sasa hivi ndio kimenyamaza."