Msiba Hausemwi kwa Simu

Onésime alikuwa na maneno matamu, yale ya kumtoa nyoka pangoni, na kwa maneno hayo Wakivu wa Brussels walimfanya mwenyekiti wa chama chao. Yeye ndiye aliyesisitiza desturi ya nyumbani ishikwe hata Ulaya: msiba hausemwi kwa simu. Mwenyekiti huenda mwenyewe na wazee, huketi, hutamka. Kabla ya hapo mfiwa halii.

Jumatano moja ya Novemba 1996, vita vimepamba moto kule Kivu, Padri Frans, mmisionari mstaafu, alimletea faksi kutoka Butembo. Mama mzazi wa Kasoki, mwanachama mwenzao, amefariki. Onésime aliikunja akaitia mfukoni. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya chama na uchaguzi, na mpishi ni Kasoki. Nani angepiga kura penye matanga? Ngoja kwanza, alijiambia, maiti hana haraka.

Siku ya sikukuu, katika ukumbi mmoja wa Molenbeek, Kasoki alimpakulia mwenyewe sombe, majani ya muhogo, kisha akasimama mbele yake kitambo, akimtazama. Onésime alisifu chumvi. Alichaguliwa tena kwa makofi.

Jumapili baada ya misa alipanda basi hadi Evere na wazee wawili, Rigobert na Bibiane. Hao aliwaambia faksi imefika jana. Kasoki aliwafungulia mlango. Viti vilikuwa vimeshapangwa ukutani, kama vya matanga.

“Papa président, mbele ya kusema: ile habari ilikufikia siku gani?”

Angesema kweli, wazee wangemkaripia, yangeisha. Akajikaza kisabuni.

“Jana, maman. Jana jioni.”

“Bon. Padri Frans alinipa pole Alhamisi, jeudi, pale kituo cha Schuman, nikitoka kusafisha mabiro, zile ofisi za Ulaya. Alizani ulishaniambia. Donc tangu jeudi niko nangoja, sijalia. Jana nilikuwekea chakula, nikasimama mbele yako. Nikasema, sasa atasema.”

Hakupaza sauti. Rigobert alivua kofia akatazama sakafu.

Kasoki akamgeukia Bibiane.

“Maman, weye ndio uniambie.”

Bibiane alimshika mikono. “Mutoto yangu, mama yako ametutoka.”

Ndipo Kasoki alipolia, kilio cha siku nne, na wazee wakaketi wakalia naye. Onésime alibaki amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aketi.