Viatu vya Shujaa

Viatu vya mume wangu vinanipwaya, ndiyo maana huvijaza matambara kabla ya kuvivaa. Ni viatu vyake vya harusi, vyeusi, vya soli ngumu, na sijaona soli nyingine inayolia vizuri namna ile juu ya changarawe. Nimevivaa miaka na miaka. Kila Shujaa alipovuka jangwa, akapanda mlima au akakimbia ndani ya jumba la zimwi, aliyetoka jasho ni mimi. Mume wangu, anayemwigiza, alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, mkono mmoja mfukoni, akisema maneno matamu.

Tunatengeneza hadithi za mapenzi za redio, zile za hapo kale, zenye mwana wa mfalme na binti aliyefungiwa mnarani. Studio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kumeza kelele za barabarani. Waigizaji hawaruhusiwi kusogea, kwa sababu hata shati likijikunja kipaza sauti kinasikia. Kwa hiyo kila kinachosogea katika hadithi ni mimi. Farasi ni vifuu vyangu viwili, mvua ni punje za mchele kwenye sinia, na busu la mwisho, lile linalowaliza wasikilizaji, ni mimi najibusu kifundo cha mkono. Wenzangu wananiita Nyayo.

Na kwa busu hilo ndipo nilipojua. Siku moja mwana wa mfalme alimkuta binti wa mfalme kisimani, nikainua mkono wangu tayari, na busu likasikika kabla sijaufikisha mdomoni. Nikabaki nimeduwaa, mkono hewani, kama mjinga. Mume wangu hakunitazama. Wiki ileile alifungasha virago akahamia kwa binti huyo, mwigizaji mwenye sauti ya asali ambaye umri wake ni wa kuitwa mdogo wetu wa mwisho. Mimi niliendelea kuja kazini. Kazi hii ilikuwa yangu kabla yeye hajawa Shujaa wa mtu yeyote.

Sasa alikuwa anarudi. Asubuhi ya kurekodi sehemu ya mwisho nilikuta mabegi yake mawili yameegemezwa ukutani, chini ya karatasi ya Ramani. Ramani ndiye mtayarishaji wetu, na jina hilo kalipata kwa karatasi hiyo. Amechora duara kubwa, akaandika kulizunguka hatua ambazo shujaa yeyote sharti azipitie: wito, kuukataa wito, mshauri, kizingiti, majaribu, pango, tuzo, kurudi nyumbani. Chini yake kapanga watu: shujaa, mshauri, mlinzi wa mlango, kigeugeu, kivuli. Kwa imani yake hakuna hadithi inayotoka nje ya duara lile, wala binadamu. Niliwahi kumuuliza mimi ni yupi kati ya hao. "Wewe ni sauti," alinijibu, naye alidhani amenisifu.

"Mke wangu," mume wangu akasema mbele ya watu wote, "tukimaliza hapa, twende nyumbani."

Hakuuliza. Alisema kama mtu anayekumbusha kwamba maji yamechemka.

"Nyumbani kwa nani?"

"Usianze."

"Sijaanza. Nimeuliza."

Ramani akadakia, kidole kikiwa tayari kwenye duara. "Bibie, tazama ukutani. Shujaa huitwa, hupotea njia, hujaribiwa na kigeugeu, halafu hurudi. Asiporudi, alikokwenda hakuna maana. Hadithi isiyo na kurudi nyumbani ni nyumba isiyo na paa."

"Na aliyebaki nyumbani, hatua zake umeziandika wapi?"

Maskini, aliitazama karatasi kweli, akaizungushia macho yote. "Yeye ndiye nyumba," akasema.

Maneno kama hayo alikuwa ameniambia mama mkwe kwenye simu siku moja kabla. "Mwanangu, mfungulie. Mwanamume azurure atakavyo, hurudi penye jiko lake." Naye ni mtu mzima, sikumjibu vibaya. Nilimwambia nimesikia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua kumfungulia, lakini msinidhanie wema. Nilitaka aingie, niufunge mlango kwa ndani, kisha nimwonyeshe kilichomtoa kanga manyoya. Nilikuwa nimepanga kila kitu: chai isiyo na sukari, kochi la sebuleni, jina la yule binti kila atakapoomba chumvi. Ningemtesa hadi ajute kuzaliwa na masikio. Wazo hilo lilinipa usingizi mzuri, wa kwanza tangu aondoke.

Kabla ya kuanza nilitoka nje ya studio, kwenye bomba la ukumbini, kujaza beseni langu la maji. Lilihitajika kwa ajili ya chemchemi ya uzima. Binti wa mfalme alikuwa pale anasukutua koo. Tulikuwa hatujasemeshana tangu siku ya busu.

"Dada," akasema, "mimi sikumwiba. Alikuja mwenyewe na mabegi yake."

"Na ameondoka nayo. Hongera, mmefanya biashara safi."

"Hakuondoka nayo." Akatema maji. "Mabegi hayo nimeyabeba mimi. Ngazi zote hizi. Yeye alitangulia, eti mgongo unamuuma."

Nikasukuma beseni langu chini ya bomba.

"Usifikiri anakuja kwako," akaendelea, uso umemkunjamana. "Analetwa. Alipohamia kwangu, mimi ndiye niliyekwenda kusema na mwenye nyumba, mimi nikampigia mama yake simu, mimi nikamwambia arudi kwako. Yeye anasimama tu, anaongea. Anaongea vizuri."

"Kwa hiyo unanirudishia mzigo."

"Ndiyo," akajibu bila haya. "Sitakudanganya. Nimemchoka."

"Mshenzi wewe."

"Najua."

Nilimchukia kuliko siku zote, na nilimsadiki kila neno. Nikabeba beseni langu nikaingia ndani, maji yakinimwagikia miguuni.

Mlango wetu wa studio, ule wa kutolea sauti, ni mlango wa kweli uliofungwa kwenye fremu yenye magurudumu. Una kitasa na komeo. Ulikuwa mlango wa chumba chetu cha kwanza, mimi na yeye. Mwenye nyumba alipobadilisha milango nilimwomba huo wa zamani, kwa sababu bawaba zake zilikuwa na mlio wa peke yake. Mume wangu amesimama kando yake miaka yote hii na hajawahi kuutambua.

Taa nyekundu ikawaka. Nyuma ya kioo, Ramani akapunga mkono. Shujaa awasili na maji ya uzima, abishe, afunguliwe, amkute mpenzi wake. Ndivyo ilivyoandikwa.

Nikatembea. Changarawe kwanza, kisha ubao wa kibaraza, nikizivuta hatua ili msikilizaji auone uchovu wa safari. Nikafika mlangoni, nikabisha kwa kidole changu. Kisha nikazunguka upande wa pili, nikinyata kama nifanyavyo siku zote, nikashika komeo.

Mkono ukakataa.

Kazi hiyo nimeifanya mara zisizo na idadi, kutembea, kubisha, kuzunguka, kufungua, na sikuwahi kujiuliza anayebisha ni nani. Nilikuwa nimekuja kwa miguu yangu. Nilikuwa nimebisha mwenyewe. Sasa nilitakiwa nijifungulie, ili mwingine aingie. Hata yale mateso niliyompangia yangekuwa kazi yangu, maana chai ile isiyo na sukari ningeipika mimi, na kochi lile ningelitandika mimi. Hasira ilinipanda hadi kwenye meno. Sikumkasirikia yeye peke yake.

"Mpenzi," mume wangu akasema, kwa ile sauti yake inayolainisha mawe, "ni mimi. Nimerudi."

Bawaba hazikulia.

Ramani akagonga kioo. Mume wangu akarudia, "Mpenzi, ni mimi." Kisha akakiziba kipaza sauti kwa kiganja. "We mwanamke, fungua! Unaniaibisha mbele za watu."

"Bisha."

"Si umeshabisha wewe!"

"Ndiyo. Sasa bisha wewe."

Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama Ramani nyuma ya kioo. Mkono wake ulitoka mfukoni ukabaki unaning'inia. Halafu, Mungu ni shahidi wangu, akageuka kumtazama yule binti, kama kwamba yeye ndiye angembishia. Binti alikunja mikono akaangalia dari.

Nikavua viatu. Matambara nikayatoa, kwa kuwa matambara ni yangu, na viatu nikavipanga mbele ya mlango, upande wa nje, ncha zake zikielekea kwenye mbao. Nikachukua ndara zangu chini ya kiti. Nikachukua mkoba wangu wenye ufunguo wa nyumba.

"Nyayo!" Ramani alikuwa ametoka kwenye kibanda chake, karatasi za mchezo zikimpukutika. "Hadithi haijaisha! Shujaa bado yuko nje!"

"Namwona," nikamwambia.

Nilishuka ngazi peku, ndara mkononi, na sikutoa sauti yoyote. Chini dukani muuzaji alikuwa akimpimia mteja misumari. Nikainama mlangoni kwake nivae ndara zangu, na hapo ndipo niliposikia mtu akishuka.

Hatua za mume wangu nimezitengeneza za kila namna, za vita, za furaha, za ulevi, za kumwendea mpenzi. Hizi sikuzijua. Zilikuwa nzito na hazikuwa na mpango. Begi likagonga ukuta, la pili likafuata, hatua zikasimama.

"Mke wangu," ile sauti ikasema kutoka juu, imeishiwa utamu, inahema. "Nishikie moja."

Muuzaji aliinua macho akanitazama, kisha akatazama ngazini. Nikavaa ndara ya kwanza, nikavaa ya pili, nikatoka juani. Nyuma yangu hatua zilianza tena. Moja, kisha kimya, kisha nyingine. Sikungoja kusikia zimefika wapi.