Jeneza Kwenye Geti la Akiba

Kaka yangu Lyton Harawa aliwahi kubishana na mzungu juu ya maiti. Mzungu mwenyewe alikuja Lilongwe kama mshauri, kusaidia kuandika sera ya akiba ya mafuta: siku nchi ikikaukiwa, nani apewe kwanza. Hospitali, sawa. Polisi na mitambo ya maji, sawa. Lyton, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya mafuta wizarani, akasema ongeza na misafara ya mazishi. Mzungu akacheka, akasema mtu akishakufa dharura yake imekwisha. Lyton akamjibu, "Kwenu. Kwetu ndiyo kwanza imeanza." Kifungu kikaingia, na sisi tukasimuliwa habari hiyo kila Krismasi hadi tukaikinai.

Mimi ni dada yake mkubwa, mwalimu wa sekondari, na ulimi wangu hauna breki. Kila nilipomsikia redioni akiwaambia watu watulie, akiba ya taifa ipo, nilimpigia simu kumuuliza mbona mimi naenda shule kwa miguu. Alikuwa anacheka. Mwaka huu vituo vya mafuta vikakauka kabisa, na yeye akaacha kucheka, akaacha na kupokea simu zangu. Kisha moyo ukamsimama akiwa mezani kwake ofisini.

Wizara haikutunyima heshima. Walitupa lori, jeneza lenye vishikio vya kung'aa, shada la maua na hotuba ndefu ya rambirambi. Dizeli hawakutupa. "Nendeni bohari ya akiba," walituambia. "Kifungu kipo, na aliyekiandika mnaye hapo." Safari ilikuwa ya kwenda kwetu Mhuju, Rumphi, kaskazini kabisa, mwendo wa kutwa, na ilikuwa lazima tuondoke siku hiyohiyo. Mochwari walishatuambia kwamba mwili ukitoka haurudi. Jenereta lao nalo lilikuwa linasubiri dizeli, na humo ndani tayari kulikuwa hakukaliki.

Kwa hiyo tukaenda bohari, dizeli ya mwisho ikitufikisha getini na si hatua zaidi. Tulikuwa mimi, wifi yangu Fyness, baba yetu mdogo, na dereva Zimba, mtu wa maneno mengi. Tulikuta foleni. Sijawahi kuona majeneza mengi kiasi kile mahali pasipo makaburi. Mengine yalikuwa juu ya pikapu, moja juu ya mkokoteni wa ng'ombe ambao hata hauli dizeli.

"Mnaliona lile la bluu?" Zimba alisema, akionyesha kwa kidevu. "La kukodi lile. Nimeliona mara mbili wiki hii. Marehemu ni yuleyule, wanaobadilika ni wafiwa."

Hakuwa anatia chumvi. Watu walishagundua kifungu cha kaka yangu. Wafanyabiashara walikuwa wanapakia matofali ndani ya sanduku, wanakodi mama wawili wa kulia, wanaondoka na pipa zima. Ndiyo maana agizo jipya likatoka: kila jeneza lifunguliwe. Tulilitazama lile la bluu likifunguliwa, likatoka gunia la mchanga, na mama aliyekuwa anagaagaa chini akanyanyuka, akajikung'uta sketi, akaondoka zake.

Kisha zamu yetu ikafika.

"Fungua," mlinzi alisema.

"Mwanangu," baba mdogo alimwambia, "huyu ni maiti kweli. Mimi ni mtu mzima, siwezi kukudanganya."

"Shikamoo baba. Hata wa jana walikuwa watu wazima."

Nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema, mengine yakimgusa mama yake mzazi. Alinisikiliza tu. Nadhani alikuwa anatukanwa hivyo tangu asubuhi, akawa keshazoea. Wifi Fyness ndiye aliyekatisha. Alikuwa amekaa kwenye lori karibu na kichwa cha mumewe.

"Mfungulieni," alisema. "Mnanichelewesha."

Mlinzi akapanda, akalegeza skrubu, akainua kifuniko. Kisha akavua kofia, akairudisha, akaivua tena.

"Bwana Harawa," alisema, na akashuka mbio kumwita meneja.

Meneja wa bohari, Bwana Kachigamba, alikuja amevaa kofia ya plastiki ya njano. Alichungulia ndani, akafunika mwenyewe kwa mikono yake, akakaza skrubu moja moja. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kificho. Nikajua tumepona. Nikaanza kupiga hesabu ya wapi tutasimama njiani, kama Mzuzu tutapata chai. Akaniita pembeni, kwenye kivuli cha tangi.

"Dada, siwezi kukupa."

"Huwezi au hutaki?"

"Hamna kitu."

Nikamwambia serikali ilitangaza juzi tu kwamba akiba ipo. Akanionyesha bomba lililotoka ubavuni mwa tangi, juu kidogo ya ardhi.

"Mafuta yanatokea hapo. Yakishuka chini ya hapo hayatoki, labda uingie na kikombe. Na ukiyachota ni maji na tope, gari linakufa njiani. Hayo ndiyo yaliyobaki. Matangi yote hivyohivyo."

"Na ndiyo akiba mnayoitangaza?"

"Ukiyapima kwa kijiti, yapo."

Niliegemea tangi. Lilikuwa na joto la jua. Nikamuuliza, kama hamna kitu, mbona wanafungua majeneza ya watu?

"Watu wakiona tunakagua," alisema, "wanaamini kuna kitu tunalinda. Siku tukifunga geti, mji huu utawaka moto. Tumeagizwa hivyo."

"Na hao waliopata jana?"

"Yalikuwa mabaki ya kwenye mabomba. Leo yamekwisha."

Swali lililofuata nilikuwa nalijua na sikutaka kuliuliza, lakini nimeshasema ulimi wangu ulivyo. Nikamuuliza kama Lyton alijua.

Kachigamba alitazama viatu vyake. "Dada, yeye ndiye aliyetuambia tuyahesabu na hayo ya chini."

Nilimchukia kaka yangu pale pale, kabla hata hajazikwa. Miaka yote hiyo alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi, mama, nchi nzima, na jioni anakula nsima yake vizuri. Nilirudi kwenye lori nikamwambia wifi hamna mafuta, nikaona ajabu kwamba hakushtuka.

"Usiku alikuwa halali," alisema. "Anaamka, anakaa kitandani, namuuliza una nini, ananiambia lala."

Hapo hasira ikaniishia, na sikujua niweke nini mahali pake. Baba mdogo alijaribu kwa vijana wanaouza mafuta ya madumu kando ya barabara. Waliyotuuzia yalikuwa yamechanganywa. Lori likakohoa, likasogea hadi njiapanda, likazima. Jua lilikuwa limepanda. Inzi walianza kuja, wifi akawa anawafukuza kwa kitenge chake, na baba mdogo akasema kile ambacho wote tulikuwa tunakikwepa: azikwe hapahapa.

Tulimsukuma kwa mkokoteni wa kukodi hadi makaburi ya mji. Wachimbaji walikuwa watu wa kulipwa, wasiotujua. Waimbaji tuliwaazima kwenye mazishi ya jirani, wakaimba Kichewa, wakaondoka kabla udongo haujajaa. Kulia kwake kuna mtu anaitwa Banda, kushoto hakuna jina.

Nikampigia simu mama. Nilipomaliza kumweleza akasema vijana wa Mhuju walikuwa wameshachimba, ubavuni kwa baba, na wazee wamekataa kaburi liachwe wazi, maana litaita mwingine wa ukoo. Walikuwa wamekata mgomba, wameulaza kwenye mkeka badala yake.

"Wameniomba nguo yake wauvishe," alisema. "Nimewapa sweta lake la shule. Ndilo nililokuwa nalo."

Nilimwambia, "Ndiyo, mama."

"Towera, wanataka kuuteremsha sasa. Wananiuliza kama nina neno la kumuaga." Nilisikia watu nyuma yake, na jembe likigonga jiwe. "Niseme nini? Nauambia mgomba nini?"

Wifi alikuwa ananiangalia, akingoja nimweleze mama anasemaje. Nikamwambia mama auite kwa jina lake. Akauita, Lyton, Lyton, kwa sauti aliyokuwa akimwitia chakula, na mimi nikakaa na simu sikioni hadi chaji ikaisha.